Risasi ya Kumi na Nane

Wendel Durrer alikuwa na mashada thelathini na tisa, na daktari wa macho alikuwa amempa kiangazi kimoja tu. Sitaki kuzungukazunguka. Mwaka ule, 1984, kijiji kizima cha Rütiboden kilijua kwamba akipata shada la arobaini jina lake litachongwa kwenye boriti ya banda la kulengea shabaha, na kwamba asipolipata mwaka ule hatalipata tena, maana jicho lake la kulia lilikuwa linafifia kidogo kidogo kama dirisha linaloingia ukungu. Tangu banda lijengwe boriti ile ilikuwa na majina manne tu. Mawili yalikuwa ya ukoo wake.

Shada lenyewe ni nishani ndogo ya shaba, halizidi kidole gumba. Unabandikwa kifuani siku ya mashindano ya mwezi wa sita, ukifikisha alama zinazotakiwa kwa umri wako. Mtu wa nje akiliona anauliza kama ni kifungo cha koti. Mimi nimeona wanaume wazima wenye ng'ombe thelathini wakililia.

Wendel alikuwa mtunza barabara. Miaka arobaini alizoa theluji, akafukia mashimo, akawatukana madereva wa mjini waliopita mbio karibu na koleo lake. Mke wake, Agatha, alikufa kabla sijahamia kijijini, na tangu hapo alijipikia mwenyewe chakula kile kile, tambi na viazi vilivyofunikwa jibini, na rojo la tofaa pembeni, kila siku ya Mungu. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukimletea keki alisema, "Weka hapo." Lakini hakuna mtu bondeni aliyeweza kukumbuka Wendel amesema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mwenye mtoto mbaya.

Mimi naitwa Regula. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke wa Toni wa reli, na nilikuwa nimekaa Rütiboden miaka kumi na mmoja bila kuacha kuitwa "yule wa Winterthur", mji nilikotoka. Ukiolewa kwenye bonde lile unapewa kila kitu isipokuwa uenyeji. Ndivyo nilivyoona, na hasira zangu sikuzificha. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, kuosha magurudumu ya jibini na kuyapaka maji ya chumvi, na Jumamosi za kiangazi nilikwenda handakini kuonyesha shabaha, kwa sababu kule hakuna aliyenitaka niongee.

Handaki liko chini ya shabaha, mita mia tatu kutoka bandani. Unakaa nyuma ya ukuta wa zege, risasi inapita juu ya kichwa chako na kuchapa kama mjeledi. Unaishusha shabaha, unatafuta tundu, unaipandisha, halafu kwa bango lenye mpini mrefu unawaonyesha walioko bandani risasi iliingia wapi. Mtu akikosa kabisa, unalipunga bango kushoto na kulia. Kisha unaziba tundu kwa karatasi na gundi. Wapigaji huwaoni. Unayaona matundu yao tu, na baada ya viangazi viwili nilikuwa nawajua watu kwa matundu. Ya Niklaus Rohrer, mkuu wa banda, yalitapakaa kama kuku alipochakura. Ya namba saba yalikaa pamoja, karibu kugusana.

"Nani yuko namba saba?" nikamuuliza mwenzangu.

"Wendel. Nani mwingine?"

Jioni hiyo nikapanda bandani na gundi mikononi. Alikuwa anasafisha mtutu.

"Mzee Wendel, nifundishe."

Hakuinua kichwa. "Kufanya nini?"

"Kulenga."

"Una mume?"

"Ninaye."

"Basi mlenge huyo."

Wanaume wakacheka, na Niklaus akawapita wote. "Shemeji, rudi kwenye jibini lako," akasema. "Hii kitu inapiga teke. Itakuvunja bega, halafu Toni aje kugombana na mimi."

"Niklaus, nimeziba matundu yako miaka miwili," nikamwambia. "Ningekuwa wewe nisingemcheka mtu."

Hapo ndipo Wendel aliponitazama, mara ya kwanza tangu nihamie. "Jumanne," akasema. "Saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwangu. Uje na shati zito."

Nilidhani nitapiga risasi Jumanne hiyo. Wiki nne sikuiona hata moja. Nililala kifudifudi kwenye mkeka jikoni kwake, mkanda wa bunduki umenibana mkono, bunduki tupu, na kwenye mtutu ameniwekea sarafu. Nivute kifyatulio sarafu isianguke. Ilianguka. Aliiokota akairudisha, bila neno, mara hamsini kwa jioni moja, huku tambi zake zikichemka.

"Binti," akaniambia siku ya tatu, "unavuta kama mtu anayemnyonga kuku. Pumua. Toa nusu. Nyamaza. Sasa vuta taratibu mpaka ukutane na ukuta, pale kifyatulio kinapogoma. Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Hapo kaa. Usiusukume. Risasi itaondoka yenyewe, wewe usijue ni lini."

"Nikijua?"

"Ukijua umeshakosa."

Risasi yangu ya kwanza ya kweli nilijua itaondoka lini. Nilifumba macho, bega likapigwa, masikio yakalia, na kule mbali bango likapungwa kushoto na kulia, taratibu, kwa raha, nikajua mwenzangu wa handakini anacheka peke yake. Lakini ilipofika vuli nilikuwa napata nne, alama ya juu kabisa, kwa kila risasi ya tatu. Kuna utulivu ndani ya kazi ile ambao sikuwahi kuupata popote bondeni. Ukiwa na ule ukuta wa kifyatulio chini ya kidole, hakuna Winterthur wala Rütiboden. Nilimpenda mzee yule kwa kunipa kitu hicho, na sikumwambia.

Kabla msimu haujafungwa alinifundisha jambo la mwisho. Shabaha zimepangwa safu moja, kila moja na namba yake juu, na kwa mita mia tatu zote ni doa jeusi lile lile. Ukichoka ukainua kichwa, unaweza kurudi ukalenga ya mwenzako. Imempata kila mtu.

"Ikikupata," alisema, "inua mkono papo hapo, useme kwa sauti: risasi yangu iko kwa jirani. Unapata sifuri. Unamnunulia jirani glasi ya divai nyeupe. Watu wanakucheka wiki nzima, yanaisha."

"Na jirani anafanyaje?"

"Hasemi kitu. Kusema ni kazi ya aliyepotea."

"Na aliyepotea akinyamaza?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza itakuwaje theluji ikianza kwenda juu. "Hanyamazi," akasema.

Majira ya baridi ndipo nilipogundua habari ya jicho. Alikuwa ananimiminia kahawa, akaimimina mezani, sentimita mbili nje ya kikombe, na akaendelea mpaka iliponichoma mguu. Akachukua kitambaa akafuta.

"Kiangazi kimoja," akasema. "Kinatosha. Kwani nahitaji siku ngapi? Siku moja."

"Huwezi kulengea jicho la kushoto?"

"Na wewe unaweza kuandika kwa mguu?"

Machi na Aprili mwenzangu wa handakini aliniletea habari ambazo sikuzitaka. Matundu ya namba saba yalikuwa yanaachana. Mwezi wa tano moja liliingia ukingoni kabisa. Mimi ambaye kanisani nilikwenda kwa ajili ya mama mkwe tu, nilianza kumwomba Mungu habari za jicho la mtu mwingine.

Siku ya mashindano Wendel aliomba niwekwe namba sita, kushoto kwake. Risasi ni kumi na nane: sita za taratibu, kisha tatu, kisha tatu nyingine, na mwisho sita kwa dakika moja. Kwa umri wake alihitaji alama hamsini na nne. Mimi, kwa shada langu la kwanza, hamsini na saba.

Alianza kama zamani. Baada ya risasi kumi na mbili alikuwa na thelathini na sita, zimebaki kumi na nane katika risasi sita, yaani tatu tatu, jambo ambalo miaka mingine angelifanya usingizini. Lakini nilimwona anapepesa. Baada ya kila risasi alibonyeza jicho kwa mgongo wa mkono, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kitako cha bunduki. Watu wamesimama nyuma yetu mpaka nje ya mlango.

Niklaus akapuliza filimbi. Dakika moja.

Nilipiga tano vizuri tu. Jasho likaniingia machoni, nikainua kichwa, nikajifuta kwa mkono wa shati, nikarudi. Doa jeusi likawa pale, limetulia. Nikatoa nusu ya pumzi, nikakutana na ukuta, na risasi ikaondoka yenyewe bila mimi kujua, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bunduki ilipotulia ndipo nilipoiona namba juu ya doa. Saba.

Mkono wangu ulianza kuinuka. Hilo naliapia. Ulifika usawa wa sikio, na filimbi ikalia, dakika imekwisha. Nikageuka kulia kumwomba radhi. Wendel alikuwa anavuta komeo la bunduki yake, na risasi nzima, yenye ncha yake, ikarukia kiganjani. Hakuipiga ya sita. Dakika ilimwisha akiitafuta shabaha.

Akafumba kiganja.

Niklaus alikuwa anapita nyuma yetu kukagua bunduki kama ziko tupu. Yangu aliikagua mpaka ndani. Ya Wendel hakuitazama, alimgusa bega tu. Bunduki ya Wendel haikuwahi kukaguliwa.

Bango la namba sita likaonyesha tano zangu, kila moja tatu, halafu likapungwa kushoto na kulia. Bango la namba saba likaonyesha tano, kumi na nne kwa jumla. Kisha likapanda tena na kukaa katikati kabisa. Nne.

"Hamsini na nne," Niklaus akasema. "Wendel, umefika."

Nyuma yetu watu walipiga makofi, mtu mmoja akawa analia waziwazi. Mimi nikaushusha mkono. Niliwaza hivi: amefumba kiganja, kwa hiyo analitaka shada, na kama analitaka mimi ni nani wa kumnyang'anya. Miaka thelathini na tisa ya kulala kwenye mikeka hii. Nimekosa shada langu kwa alama moja, na yeye amelipata kwa risasi yangu. Nilijisikia mwema. Sijawahi kujisikia mwema namna ile kabla wala baada, na mpaka leo hali hiyo ikinijia naogopa.

"Pole, shemeji," Niklaus akaniambia. "Alama moja. Ile ya mwisho ulipiga wapi, mlimani?"

"Mlimani," nikasema.

Wendel alikuwa anakunja mkeka wake. Akaacha kukunja.

"Ulipiga mlima," akasema, si kama swali.

"Ndiyo, Mzee Wendel."

Alinitazama kwa muda, na jicho lile jekundu lilikuwa bado linatoka machozi. "Haya," akasema, akaendelea kukunja.

Kutoka hapo mpaka kutangazwa washindi zilipita saa tatu. Tulikaa hemani, meza ndefu, soseji na mkate, bendi ya kijiji ikipuliza matarumbeta yake. Wendel alikaa mkabala nami na Toni. Watu walipita wakimpiga mgongoni, na fundi seremala alishakuja kumuuliza herufi zake anazitaka za namna gani. Mbele yake kulikuwa na glasi tupu. Kila mtu alipotaka kumjazia, Wendel aliifunika kwa kiganja cha kushoto.

"Kunywa, mzee, leo siku yako," Toni akamwambia.

"Nangoja," akasema Wendel.

"Unangoja nini? Shada limeshakuwa lako."

"Nangoja tu, kijana. Wewe kula."

Na alinitazama mimi. Nikamtabasamia, mpumbavu mimi, tabasamu la watu wawili wenye siri moja. Nilidhani ana wasiwasi wa kuitwa mbele. Nikamsogezea haradali. Hakula.

Tazama, chupa ya divai nyeupe ilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu. Ningenyoosha mkono tu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi: kutoka kiwiko changu mpaka glasi yake haikufika nusu mita, na nilikuwa na saa tatu.

Niklaus alipanda jukwaani akasoma majina. La Wendel alilibakiza la mwisho. Hema lote likasimama. Mzee akaenda mbele akigusa viti njiani, mkono wa kulia umefumbwa vile vile. Niklaus akamkaribia na shada, na Wendel akalikinga koti lake kwa mkono wa kushoto.

"Nimepiga risasi kumi na saba," akasema.

Bendi ilikuwa imeanza. Ikanyamaza chombo kimoja kimoja.

"Nini, mzee?"

Akafungua kiganja cha kulia. "Ya kumi na nane ndiyo hii. Sikuipiga, sikuiona shabaha. Kwenye shabaha yangu kuna tundu ambalo si langu. Nina hamsini. Andika hamsini."

"Ni la nani?"

"Kusema si kazi yangu," akasema Wendel.

Hakunigeukia. Hakukuwa na haja. Watu mia mbili walijua ni nani aliyelala namba sita, na ni nani ambaye bango lilipungwa kushoto na kulia juu ya shabaha yake. Toni akaniita kwa sauti ndogo, "Regula?" Nikasimama. Nikasema, "Ni yangu." Nadhani walionisikia ni watu wa meza yetu tu, na Wendel alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Jambo ambalo kila mwaka lilichekwa wiki nzima, safari hii hakuna aliyecheka, wala siku ile wala Jumapili iliyofuata.

Sikufukuzwa. Watu wa bonde lile hawafukuzi. Niklaus aliacha kuniita shemeji, akaniita Bibi Regula, kwa adabu, na bunduki yangu akaendelea kuikagua mpaka ndani. Kiwandani mwanamke mmoja aliniambia ni ubinadamu, mtu yeyote angemhurumia mzee. Nilimjibu vibaya. Nilijua kwamba sikumhurumia, nilimdharau. Nilimchukulia kuwa ni mtu wa kupewa shada la wizi, na nikamtabasamia juu yake.

Kiangazi kizima sikwenda kwake. Nilijiambia nampa nafasi, kumbe ni woga. Mwezi wa kumi nikapiga moyo konde nikabisha hodi. Akanikaribisha. Kahawa nilimimina mimi, kwa sababu yeye sasa alikuwa anakitafuta kikombe kwa vidole. Tukakaa.

"Nilidhani unalitaka," nikasema hatimaye.

"Nililitaka sana."

"Nilikuona umefumba kiganja."

"Nilikifumba kwa ajili yako. Ningekifungua pale pale, kila mtu angejua ni wewe kabla hujasema. Nikasema nimpe muda kidogo, mgeni huyu, ni mara yake ya kwanza, ameshtuka. Atainua mkono." Akanywa kahawa. "Nilikuona umeanza kuuinua."

"Nilitaka kukusitiri, Mzee Wendel."

"Najua."

"Kwa nini hukuniita pembeni? Ungenikemea tu."

"Ningekukemea, ungesema kwa sababu nimekukemea."

Nilimwambia samahani, na akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea keki. Tukasikiliza kengele za ng'ombe wakishushwa kutoka milimani. Nilipoinuka kuchukua koti langu akaongea tena, bila kunitazama, maana kunitazama hakukuwa na faida tena.

"Mashada ninayo thelathini na tisa," akasema. "Mwanafunzi nilikuwa naye mmoja."